Nembo Usoni mwa Babu

Cheti cha kifo cha babu yangu kimekunjwa mara mbili, na mkunjo mmoja umepita katikati ya nembo ya taifa. Kwa miaka zaidi ya ishirini mkunjo huo umekula wino, hadi bwana amebaki upande wake na bibi upande wake, na ile ngao iliyokuwa baina yao imekuwa ufa mweupe. Nilikwenda kukichukua mwenyewe mwaka 2001, wiki ya pili baada ya maziko, kwa sababu mirathi haiendi bila cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mirathi yenyewe ilikuwa kiwanja kimoja Korogwe, shamba la mahindi Handeni, na baiskeli.

Karani niliyemkuta alikuwa kijana mpole. Aliisoma barua ya mtendaji wa kijiji, akautazama muhuri wake wa wino wa zambarau, kisha akaniuliza marehemu alizaliwa wapi. Nikasema Mueda.

"Mueda ni wilaya gani?"

Nikamweleza kuwa ni Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na kwamba babu aliletwa Korogwe kukata mkonge enzi za Mwingereza. Aliishikilia kalamu juu ya karatasi kwa muda. Halafu akaandika, akagonga muhuri, akanipa pole kwa mara ya pili. Nilipofika nje, chini ya mwembe, ndipo nilipokisoma. Jina la babu lilikuwa pale, na juu yake ile nembo. Niliishi na babu miaka ishirini na saba ya umri wangu, na sikuwahi kuliona jina lake na nembo ya taifa kwenye karatasi moja. Vilikutana siku hiyo, mwenyewe akiwa tayari kaburini.

Nililia chini ya ule mwembe kuliko nilivyolia makaburini.

Watoto wa siku hizi ukiwatajia nembo watafikiria kichwa cha barua, jezi ya mpira au mlango wa gari la serikali. Katika Kiswahili cha zamani nembo ilikaa kwenye ngozi. Ilikuwa alama ya kuchanjwa, ya kumtambulisha mtu na watu wake, na wazee wa Pwani walilitumia neno hilo kwa maana hiyo kabla hatujawa na taifa la kuliwekea nembo. Wamakonde husema dinembo. Fundi aliikata ngozi kwa kisu kidogo, akaisugua kwa masizi ya mkaa wa mbarika, na jeraha lilipopona liliacha rangi kati ya nyeusi na buluu ambayo haikutoka tena. Babu alichanjwa akiwa kijana mdogo. Aliniambia kwamba alishikwa kichwa asitikisike, na kwamba hakulia, ingawa sehemu ile ya kutolia aliisimulia kwa haraka mno. Mashavuni alikuwa na mistari ya kuvunjika-vunjika kama mawimbi yenye ncha, na kwenye paji la uso mistari mingine iliyoshuka kuelekea puani. Mmakonde mwenzake akikutana naye stesheni ya Korogwe alimjua kabla hawajasalimiana. Uso wake ulikuwa kitambulisho chake, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Alipofika shambani, mwishoni mwa miaka ya 1940, alipewa alama ya pili. Hiyo ilikuwa namba. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa wameanzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua mwaka 1944, iliyoitwa SILABU, na kwa kupitia mikataba ya namna hiyo walikuja Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, watu wa Ruanda na Urundi, na Wamakonde kutoka upande wa Mreno. Kila mmoja alisajiliwa kwa namba yake, na kutokana na namba hizo wenyeji wakawaita manamba, jina ambalo hadi leo likitamkwa Korogwe au Muheza lina uchungu ndani yake. Pamoja na namba kulikuwa na kipande, kadi yenye nafasi thelathini. Siku uliyomaliza kazi yako iliwekewa alama. Siku uliyoumwa haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja hadi nafasi zote thelathini zijae, hata ikichukua siku arobaini au zaidi. Asubuhi mnyapara aliita namba. Babu aliikumbuka yake mpaka uzeeni, na nilipomuuliza alikataa kunitajia. Alisema haifai kuwekwa mdomoni mwa mtoto.

Mkonge ni mmea mkatili. Kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, mkali kama sindano ya kushonea magunia, na utomvu wake unawasha ngozi siku nzima. Mkataji huinama, hukata, huondoa mwiba, hufunga matita, huyabeba hadi kwenye reli ya trola yapelekwe korona, mashine inayosaga jani na kuacha singa. Singa zikianikwa juani zinang'aa kama nywele za mzee. Kutoka dirishani mwa basi mashamba yale ni mazuri, mistari ya kijani-kijivu inakimbia mpaka chini ya milima ya Usambara, na kila nikipita Hale na Mnyuzi nayatazama kwa kupenda na kwa hasira, vyote pamoja.

Bibi alikuwa Mzigua wa Handeni. Walikutana Korogwe sokoni, yeye akiuza mahindi, na babu alisilimu ili amwoe. Wazee wa ukoo wa bibi hawakufurahi. Walimwita babu mtu wa kuja, mtu wa uso wa kuchorwa, na walichelewa sana kumzoea. Kazi ya mkonge ilipomshinda mgongo, wakahamia Handeni kulima. Huko ndiko nilikolelewa.

Mwaka 1985, shule ya msingi, mwalimu wa Siasa alituchorea ubaoni nembo ya taifa kwa chaki za rangi. Ilimchukua kipindi kizima. Tukanakili, tukakariri. Ngao ya shujaa, imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Sehemu ya juu ni ya rangi ya dhahabu, maana yake madini. Chini yake bendera. Kisha nyekundu, udongo wetu. Kisha mawimbi ya buluu na meupe, bahari na maziwa. Mwenge wa uhuru na wa kuleta mwanga. Mkuki wa kuulinda huo uhuru. Shoka na jembe vimepishana, vyombo vya kazi. Pembe mbili za ndovu, moja kila upande, na walioshika pembe hizo ni bwana na bibi, miguuni mwa bwana mkarafuu, miguuni mwa bibi mpamba. Chini, utepe: Uhuru na Umoja. Kwetu nyumbani tuliiita picha ya Bibi na Bwana tu, na mimi utotoni niliamini kabisa kwamba bibi yule ni bibi yangu, kwa sababu ya kitambaa kichwani.

Jioni nilimpelekea babu daftari. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza kwenye mwanga wa koroboi. Nilimsomea kila alama na maana yake, kwa sauti ileile ya darasani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye mkarafuu, akakihamisha kwenye mpamba, akakirudisha.

"Mkonge wameuweka wapi?"

Nikamwambia haupo.

"Hata jani moja?"

Bibi alikuwa akipukuchua mahindi. "Mzee wangu, mtoto kachora alichofundishwa. Mwache."

Babu akanirudishia daftari. Hakulizungumzia tena jambo hilo, si usiku ule wala miaka yote iliyofuata, na kwa kuwa nilikuwa mtoto nilidhani limekwisha.

Lilinirudia miaka mingi baadaye, nami sasa naona kwamba swali lake lilikuwa na haki zote. Mkonge ulifika kwetu mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf, Mjerumani, kutoka Florida. Aliagiza miche elfu moja, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ulitokea ule msitu wote wa miiba wa Tanga, Muheza, Korogwe na kwingineko. Reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mkonge ndio ulioongoza kuiingizia nchi fedha za kigeni, na mwaka 1964 zilivunwa takriban tani 230,000, wingi ambao haujawahi kufikiwa tena. Shilingi zilizojenga barabara na kulipa walimu wa mwanzo wa taifa hili zilipita kwenye viganja vya watu kama babu. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na hayakuendeshwa vizuri, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani kama 20,000. Kambi za vibarua zikabaki magofu, milango imeng'olewa, mikwaju imeota ndani ya vyumba.

Nimejiuliza sana kwa nini mkonge haukuwekwa. Huenda ulinuka ukoloni. Pamba ililimwa na mkulima kwenye shamba lake na kuuzwa kwenye ushirika wake. Mkonge ulikuwa wa kampuni, na nembo ya watu huru isingependa kubeba jani la mwenye shamba. Naielewa hoja hiyo lakini siikubali. Mbona pembe za ndovu zimo? Hakuna mali iliyotoka nchi hii kwa mateso makubwa kuliko pembe. Bonde la Pangani, hapohapo Korogwe na Mazinde, lilikuwa njia ya misafara iliyoteremka pwani ikiwa na pembe mabegani mwa watu. Kama pembe imesamehewa historia yake ikapewa nafasi ya kubebwa na bwana na bibi, jani la mkonge lingeweza kusamehewa pia. Na ndovu mwenyewe tulimpoteza kwa wingi: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ndovu kama 109,000 nchini, ile ya mwaka 2014 ikawakuta kama 43,000. Miaka mitano.

Mei 2017 nilimsoma gazetini Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha. Alisema yeye ndiye aliyeichora nembo ya taifa, na taifa lilikuja kumjua akiwa mgonjwa, mzee, akiishi kwa dhiki Buguruni. Alipelekwa hospitali, na kabla mwezi huo haujaisha akafariki Muhimbili. Jina la Jeremiah Wisdom Kabati wa Mwanza nalo limetajwa kwa kazi hiyohiyo. Sitaki kuamua kati ya marehemu wawili. Kinachoniuma ni kwamba mchoro ulio juu ya kila cheti, kila noti, kila ukuta wa mahakama, mkono uliouchora unabishaniwa. Kile kisu kidogo kilichomchora babu Mueda kilikuwa na mwenyewe, fundi aliyejulikana kijiji kizima, na jina lake babu alilitaja mara kwa mara akiwa na homa. Sikuliandika. Nilikuwa na kalamu na daftari na sikuliandika.

Mwaka uliotangulia, Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale, Kenya, walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwomba Rais Uhuru Kenyatta awape uraia. Wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa vibarua waliovuka kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, na mkonge ulikuwa miongoni mwa kazi hizo. Walizaliwa Kenya, walizika wazazi wao Kenya, na hawakuwa na kitambulisho. Walipata. Niliitazama picha yao kwenye runinga ya mgahawa Segera, nikiwa nasubiri basi, na kwenye umati ule nilimwona mzee mwenye mistari mashavuni. Nilisimama nikaisogelea runinga mpaka mwenye mgahawa akaniuliza kama namfahamu yule mtu. Nikasema ndiyo.

Ule uso sasa hauzaliwi tena. Vita vya ukombozi vilipopamba moto huko kwao, Frelimo iliitazama desturi ya kuchanja kama jambo la ukabila lililopitwa na wakati, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 kizazi kipya kikakua na nyuso nyororo. Huku kwetu wajukuu wa manamba hatukuwa na wa kutuchanja, na kusema kweli hatukutaka. Darasani niliwahi kuficha kwamba babu yangu ni yule mzee wa uso wa michoro. Watoto walimcheka, nami nilicheka nao mara moja, kwa nguvu ili wanisikie. Deni hilo sijalilipa, na aliyekuwa ananidai hayupo.

Siku ya maziko wazee waliniruhusu nishiriki kumwosha. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji taratibu kutoka kwenye kata, na mwoshaji akapitisha mkono. Tulipofika usoni aliniambia, "Mwoshe wewe, ni babu yako." Nilipitisha kiganja juu ya paji, kisha mashavu. Kwa jicho, mistari ile ilikuwa imeanza kufifia ndani ya makunyanzi ya uzee. Kwa kidole ilikuwa bado imeinuka, migumu kidogo, kama mshono wa nguo nzito. Nilipita juu yake yote. Ilikuwa nafasi ya mwisho duniani ya mtu yeyote kuisoma nembo ile, na ilikuwa mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nikiomba tu nisianguke. Wakamfunika.

Bibi aliendelea kuishi miaka minane baada yake. Yeye aliijua mistari ile kwa moyo, maana kwa miaka mingi alikuwa akimpaka babu mafuta ya nazi usoni asubuhi, hasa wakati wa kipupwe ngozi ikikauka. Mara nyingi nilipanga kukaa naye anielekeze nichore. Kila nilipokwenda Handeni kulikuwa na jambo: mvua haijanyesha, mahindi yamekauka, mtoto anaumwa, kisima kimekauka. Mwaka 2009 naye akaondoka. Cheti chake kina nembo ileile, safi, haijakunjwa, kwa sababu safari hiyo nilikwenda na bahasha kubwa.

Kwa hiyo nina nembo mbili za serikali na sina ile moja. Ile ya serikali haiwezi kupotea. Ina sheria inayoilinda, ina wino, ina mitambo, na ufa wa kwenye cheti cha babu ukiniudhi naweza kwenda kuomba nakala nyingine, bwana na bibi warudi kusimama pamoja na ngao katikati yao. Ile ya babu ilikuwa nakala moja. Ilitembea kutoka Mueda, ikavuka Ruvuma, ikakata mkonge Korogwe, ikalima Handeni, ikachekwa na mjukuu wake, na imezikwa chini ya mkorosho upande wa Sindeni.

Iko picha moja. Ilipigwa studio Korogwe, nyeusi na nyeupe, babu amesimama na bibi amekaa kwenye kiti, nyuma yao pazia lenye mchoro wa ziwa. Babu amegeuka kidogo, kama walivyopenda mafundi wa picha wa zamani, na taa imempiga upande mmoja. Mwaka jana nilikaa mezani na picha hiyo, kioo cha kukuzia na karatasi nyeupe, nikajaribu kuchora. Paji nililipata kwa sehemu, palipo na kofia pakanishinda. Shavu la kulia lina mistari mitatu, kila mmoja una ncha nne, na ule wa chini ni mrefu kuliko miwili ya juu. Wanangu walikaa kunizunguka wakiangalia. Mkubwa akauliza kama anaweza kuipaka rangi, nikamwambia apake buluu iliyoiva, karibu na nyeusi.

Mchoro huo nimeuweka pamoja na vile vyeti viwili. Shavu la kushoto, ambalo kwenye picha liko kivulini, nimeliacha wazi.